Kosa la Nyongeza

Iko nchi moja, na asijisumbue mtu kuitafuta kwenye ramani maana wapimaji wake walilipwa nusu wakachora nusu, ambayo watu wake hawajui kununua kitu kikaishia hapo. Mnunuzi akishalipa, haondoki. Husimama, hukitazama alichonunua kwa huzuni kana kwamba kimemtukania mzazi, kisha husema, "Niongeze." Na muuzaji huongeza. Ukinunua mchicha unaongezewa shina. Ukinunua kitambaa unaongezewa shubiri. Ukinunua jeneza unaongezewa misumari, ingawa mwenye jeneza hana tena la kupigilia. Hata Waziri wa Hazina alipokwenda ng'ambo kukopa, alisaini, akaweka kalamu chini, akasimama, akasema, "Tuongezeni kidogo." Wakopeshaji waliongeza kwa moyo mkunjufu. Nchi hiyo mpaka leo inalipa ile nyongeza, mkopo wenyewe bado haijaufikia.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, Mtaa wa Matanuri, aliishi mwoka mikate aitwaye Bi Kidawa binti Mshamu. Alikuwa mnene wa mikono na mwembamba wa subira. Tanuri lake la udongo aliachiwa na mama yake pamoja na wasia wa neno moja: lisipoe. Matanuri ya mtaa ule yalifinyangwa kwa udongo wa mtoni, na udongo ule una kiburi. Masika yakiukuta umepoa, hunywa unyevu kimyakimya, na siku utakapouwashia moto tena hupasuka katikati. Kwa hiyo moto wa Bi Kidawa ulikuwa haulali. Aliulisha kuni kabla hajajilisha mwenyewe, na alikuwa tayari kuuza chochote alicho nacho, isipokuwa tanuri, ili uendelee kuwaka.

Upande wa pili wa njia alioka Fundi Mbaruku, mgane mfupi mwenye sauti ndefu. Hao wawili walitukanana kila alfajiri tangu ujana wao.

"Mbaruku! Leo umeoka mikate au matofali? Nambie nije na chokaa!"

"Matofali afadhali, Bi Kidawa, yanajenga nyumba! Hiyo yako inajenga vidonda vya tumbo!"

Wateja walisimama katikati ya njia wakisikiliza, wakacheka, kisha wakanunua kwa yule aliyetukana vizuri zaidi siku hiyo. Aliyeshindwa alirudi ndani akaongeza samli kwenye unga, ili kesho awe na cha kujivunia. Wasomi huita jambo hilo ushindani na wameliandikia vitabu vizito. Wale wawili waliliita salamu.

Ndipo ikaja Kampuni ya Mkate wa Upendo.

Mmiliki wake hakujulikana. Kila aliyeulizwa aliitazama kwanza picha ya Mtukufu Rais iliyotundikwa ukutani, ndipo akasema hajui. Aliyejulikana ni Mkurugenzi wake, Bwana Jongo, mtu wa suti nyeupe na machozi ya karibu, ambaye siku ya uzinduzi alipanda juu ya lori lililochorwa mioyo myekundu akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "sisi hatukuja kufanya biashara. Biashara ni ya watu wenye shida. Sisi tumekuja kupenda. Nunua mkate mmoja kwa bei ile ile unayonunulia kwa jirani yako, nasi tutakuongeza miwili! Miwili, ndugu zangu! Nani amewahi kukuongeza miwili? Mama yako mzazi hajawahi!"

Watu walilia kwa furaha. Nchi iliyoishi kwa kuomba shina la mchicha ilikuwa imepata nyongeza kubwa kuliko kitu chenyewe. Bi Kidawa naye alituma mtu akamnunulie, maana si mtu wa kusimuliwa. Mikate mitatu ile, iliyovikwa nailoni, aliipanga mezani akaiminya mmoja mmoja. Ilinywea ikawa myembamba kama kandambili, halafu ikavimba tena taratibu. Hata hivyo unga ulikuwa unga, hamira ilikuwa hamira, na yeye alijua vizuri bei ya gunia. Mtu anayeuza mitatu kwa bei ya mmoja harudishi hata hela ya unga, achilia mbali kuni.

"Huyu bwana ana ugonjwa," alisema, "au ana mpango."

Waoka mikate wawili wa kule mwisho wa mtaa walifunga kwanza. Tanuri la mmoja wao likageuzwa banda la kuku. Tume ya Ushindani wa Haki, iliyokuwa na kazi ya kufuatilia mambo hayo, iliripoti kwamba wafanyabiashara hao "wamechagua mapumziko". Kisha asubuhi moja Bi Kidawa alifungua dirisha lake akapaza sauti, "Mbaruku! Mbona moshi wako mweusi, unachoma mikate au unachoma deni?" Hakujibiwa. Alipotazama vizuri aliona kwamba moshi wenyewe haukuwepo, alitukana kwa mazoea tu. Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa, akatoka Fundi Mbaruku amevaa sare ya mlinzi, rungu mkononi na kofia yenye moyo mwekundu kichwani. Kampuni ilikuwa imemwajiri kulinda kibanda cha mikate ya Upendo pale pembeni ya njia.

"Kulikoni, Mbaruku?"

"Njaa, Bi Kidawa. Usinitukane leo. Nimevaa sare ya watu."

Bi Kidawa alifunga dirisha, akakaa juu ya gunia, akalia. Hakuwa amelia hivyo tangu amzike mama yake. Alimlilia adui yake, na alijionea aibu kwa kumlilia, na aibu hiyo ikamzidishia kilio. Alipomaliza alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akasokomeza kuni mbili tanurini, akaenda zake Tume.

Tume ya Ushindani wa Haki ilikuwa na jengo la ghorofa tisa lenye dirisha moja la kusikilizia wananchi. Tume yenyewe haikuwa na mshindani, kwa hiyo haikuwa na haraka. Dirishani alikaa Bwana Tegemeo, Afisa Mpokea Malalamiko, kijana mpole mwenye tai iliyofika mapajani.

"Mama yangu," alisema Bwana Tegemeo baada ya kumsikiliza, "bei ndogo si kosa. Bei ndogo ni neema kwa mlaji. Sheria huikataa pale tu inapokuwa bei angamizi, na bei angamizi ina masharti yake. Kwanza muuzaji awe mkubwa sokoni. Pili auze chini ya gharama yake. Tatu nia yake iwe kuwafukuza wenzake."

"Basi ndiyo hayo hayo niliyokuletea, mwanangu. Mkubwa ni mkubwa, malori yake yakipita sufuria zangu zinacheza ngoma."

"Mkubwa kwenye soko gani?"

"La mikate."

Bwana Tegemeo alitabasamu kwa huruma. "Mtu asipopata mkate anakula nini?"

"Muhogo."

"Asipopata muhogo?"

"Uji."

"Asipopata uji?"

"Atakunywa maji alale, afanyeje?"

"Umeona? Kwa hiyo soko husika ni kila kinachoingia kinywani, maji yakiwemo. Sasa ndani ya soko hilo, ukijumlisha mito na visima, Kampuni ya Mkate wa Upendo ni kitu kidogo sana. Mimi huwa naionea huruma."

Bi Kidawa alivuta pumzi. "Na kuuza chini ya gharama?"

"Hawauzi chini. Mkate wanauza bei yako wewe. Ile miwili ni nyongeza, na nyongeza ni zawadi, na zawadi haina bei. Kitu kisicho na bei hakiwezi kuwa na bei ya chini. Hoja hiyo walituandikia wanasheria wao, na kwa kweli waliiandika vizuri, tumeibandika kule juu."

"Na kutufukuza? Mtaa mzima umefungwa. Nimebaki mimi peke yangu!"

"Umebaki," alisema Bwana Tegemeo, akainua kidole. "Hapo ndipo penye shida. Ukiwa umebaki, hujafukuzwa. Huna madhara ya kulalamikia."

"Basi nikishafukuzwa nije?"

"Ukishafukuzwa wewe si mfanyabiashara tena, mama, na dirisha hili ni la wafanyabiashara."

"Sasa nije lini, mtoto weye?"

Bwana Tegemeo alifikiri kwa bidii, maana hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameajiriwa. "Ungekuja wakati ule ule unapofukuzwa. Si kabla, si baada. Na siku hiyo utukute tupo."

Bi Kidawa alijikusanya kuondoka. Alipofika mlangoni mdomo ukamponyoka, kama unavyomponyoka kila mtu wa nchi ile: "Niongeze basi."

Naye Bwana Tegemeo, aliyelelewa na mama kama yeye, akaongeza: "Na usije Ijumaa."

Alirudi nyumbani amefura. Akauza cherehani yake, akauza kitanda chake, akanunua unga. Tangu siku ile alilala juu ya magunia, jambo lililomfaa kwa sababu lilimweka karibu na tanuri. Na kwa kuwa hakuwa na ubavu wa kuongeza miwili, akaongeza kadiri ya uwezo wake: kila aliyenunua mkate alipewa kijimkate kidogo cha hiliki, kikubwa kama ngumi ya mtoto, cha moto, kilichotoka tanurini wakati huo huo. Hakikuwa na mpango wowote nyuma yake. Mama yake alifanya hivyo kila Sikukuu, yeye akafanya Sikukuu kuwa kila siku, kwa hasira tu. Kama tanuri ni la kupoa, alijisemea, na lipoe likiwa linawanukia watu.

Hiliki ni kitu cha hatari. Harufu ilivuka njia, ikazunguka kibanda cha Kampuni, ikawatoa watu kwenye foleni mmoja baada ya mwingine. Hata mlinzi wa kibanda, Fundi Mbaruku, alionekana akigeuza pua upande ule huku rungu likimlegea. Haikuwa foleni kubwa iliyohama, watu kumi na kidogo kwa siku. Lakini Bwana Jongo alipopelekewa habari alilia palepale mezani kwake, akapiga simu.

Tume, ambayo malalamiko ya Bi Kidawa ilikuwa bado inatafuta faili la kuyaweka, ilifika Mtaa wa Matanuri kabla ya adhuhuri. Ilikuja na magari matatu yenye ving'ora. Maofisa walipima kwa futi upana wa mlango wa Bi Kidawa, wakapima urefu wa harufu kwa kutembea huku wakinusa mpaka iliposita, wakachukua vijimkate vya ushahidi. Ushahidi uliisha njiani, wakarudi kuchukua mwingine. Mwisho Bwana Tegemeo, akiona haya, alimsomea mashtaka: kwamba yeye, Kidawa binti Mshamu, akiwa mfanyabiashara mkubwa, amekuwa akiuza kwa bei ya sifuri kwa nia ya kuiangamiza Kampuni ya Mkate wa Upendo.

"Mkubwa, mimi?"

"Kwenye soko husika, mama."

"Si uliniambia soko ni pamoja na visima?"

"Hilo ni soko lao. Lako tumelipima leo."

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa ghorofa ya tisa. Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Profesa Hilali Mafundo, mwenye shahada nyingi kiasi kwamba akitambulishwa chai ilipoa. Upande wa mlalamikaji alisimama Wakili Msomi Fikirini Machupa, aliyevaa joho hata kulipokuwa na joto. Upande wa mshtakiwa alisimama mshtakiwa.

Wakili Machupa alieleza kuwa soko husika ni la mikate ya moto inayouzwa na mwanamke, upande wa kulia wa Mtaa wa Matanuri, kwenye mlango wa kijani. "Katika soko hilo, Mheshimiwa Mwenyekiti, mshtakiwa anamiliki kila kitu. Hana hata mpinzani mmoja! Mteja wangu alipojaribu kuingia kwenye soko hilo alikuta mlango wenyewe umesimamiwa na mshtakiwa, na mshtakiwa ni mpana."

Bwana Jongo akapanda kizimbani kutoa ushahidi. Alitoa leso yenye mioyo. "Sisi tumezoea kupenda," alisema kwa sauti ya kukatika. "Hatukuzoea kupambana. Huyu mama anatoa kitu chake bure kabisa. Bure! Nani atashindana na bure?" Ukumbi ulimhurumia. Mwandishi wa Tume aliacha kuandika akajipangusa macho.

Mwenyekiti alimgeukia Bi Kidawa, akamwambia aseme alilo nalo.

"Mheshimiwa, mimi nina swali," alisema Bi Kidawa. "Wakiongeza wao ni zawadi. Nikiongeza mimi ni bei ya sifuri. Tofauti yake ni nini?"

Profesa Mafundo alifurahi, kwa kuwa swali lilikuwa ndani ya vitabu vyake. Aliegemea kiti. "Tofauti ni nia, bibie. Mkubwa anapotoa bure, anatamani nini? Hatamani, anacho tayari. Huo ni upendo. Lakini mdogo anapotoa bure lazima dola ijiulize: huyu anataka nini? Katika taaluma yetu tunasema kuna wadogo walio wakubwa, na wakubwa walio wadogo, na Tume iko hapa kuwatambua. Haya, tuambie. Ulipotoa vijimkate vile ulitaka nini?"

"Nilitaka tanuri langu lisipoe."

"Mwandishi," alisema Mwenyekiti, "andika hapo: amekiri nia."

Kwa mara ya kwanza Bi Kidawa aliliona tanuri lake kwa macho ya moyo likiwa banda la kuku, na mvua za masika zilikuwa zimeshaanza kunguruma upande wa milimani.

Hukumu ilisomwa baada ya chai. Ilikuwa chai ya mikate ya Upendo, na wajumbe walirudi ukumbini wakiwa bado wana njaa. Profesa Mafundo alisoma kurasa kwa kurasa, akafika mwisho: nyongeza ya mshtakiwa ni bei angamizi, ni marufuku kuanzia sasa, na mshtakiwa atundike juu ya mlango wake, kwa gharama zake mwenyewe, kibao cha kuutahadharisha umma chenye maneno MUUZAJI HATARI. Alipomaliza aliinua nyundo ili apige meza na kulifunga shauri.

Wakili Msomi Machupa alisimama kushukuru. Alikuwa amepata kila alichoomba. Hakukuwa na kitu kilichobaki ulimwenguni ambacho mteja wake alikihitaji kutoka katika ukumbi ule. Lakini alikuwa mtu wa nchi ile, amezaliwa humo na kuachishwa ziwa humo, na mtu wa nchi ile akishapewa haondoki. Aliitazama hukumu kwa huzuni kidogo.

"Tunashukuru sana, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema. "Tuongeze basi."

Bwana Jongo aliitikia kwa kichwa. Aliona ni ombi la haki.

Profesa Mafundo alibaki na nyundo hewani. Hakuwa amewahi kumnyima mtu nyongeza maishani mwake, na shahada zake zote hazikuwa zimemfundisha namna ya kunyima. Alipekua karatasi zake akitafuta cha kutoa. Faini isingewezekana, mshtakiwa hakuwa na hata kitanda. Kibao kilikuwa tayari kimetolewa. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa ile marufuku tu, basi akaikata kipande kikubwa zaidi, kama mtu anayepunja wengine ili asimpunje mgeni wake.

"Naam," alisema kwa ukarimu. "Na marufuku hii ya kumpa mnunuzi kitu cha bure juu ya alichonunua imhusu kila auzaye chakula katika nchi hii, bila kubagua."

Akapiga nyundo. Ukumbi ulishangilia, maana ilikuwa nyongeza nono, sijui lini mara ya mwisho dola iliongeza kiasi kile. Wakili Machupa alipiga makofi kuliko wote. Bwana Jongo naye alipiga, alipiga, kisha mikono yake ikapunguza mwendo, ikasimama ikiwa imekaribiana bila kugusana.

Asubuhi iliyofuata watu walipanga foleni kwenye kibanda cha Upendo kama kawaida. Walilipa, wakapewa mkate mmoja mmoja, wakasimama.

"Na miwili yetu?"

"Imekuwa kosa," alisema muuzaji.

"Kosa la nani?"

"La kisheria."

Watu wale, kwa mara ya kwanza, waliutazama mkate wa Upendo ukiwa peke yake. Ulipokuwa na wenzake wawili ulionekana mzigo. Sasa mmoja aliuminya, ukanywea. Mwingine akauminya wake. Foleni nzima ikawa inaminya, na sauti ya hewa ikitoka kwenye nailoni ikasikika mpaka upande wa pili, ambako Bi Kidawa alikuwa juu ya ngazi akipigilia kibao chake. Walimtazama yeye, wakakitazama kibao, wakakumbuka kwamba bei ni ile ile. Wakavuka njia.

"Msiniombe nyongeza!" alifoka Bi Kidawa kutoka juu ya ngazi. "Hamsomi? Mimi ni hatari!"

Walicheka, wakanunua, wakaenda zao bila nyongeza mkononi na matumbo yamejaa. Kibao kikawa maarufu. Walikuja watu kutoka mitaa ya mbali kununua kwa muuzaji hatari, na wengine walileta watoto waonyeshwe.

Bwana Jongo alikuja mwenyewe, kabla wiki haijaisha, na Wakili Machupa nyuma yake bila joho. Walikaa juu ya magunia kwa kuwa hakukuwa na kiti.

"Bi Kidawa, mama yangu," alianza Bwana Jongo, "umeonewa. Hukumu ile ni ya kikatili. Tumekuja kukusihi ukate rufaa."

Bi Kidawa aliacha kukanda unga. "Nyie ndio mlionishtaki."

"Ndiyo, na tumeshinda," alisema Wakili Machupa kwa uchungu. "Hapo ndipo tulipokwama. Kanuni inasema rufaa ni ya aliyeshindwa. Nimekwenda kuiomba, wakanipima homa. Mwenye uwezo wa kuitengua hukumu hii ni wewe tu. Tutakulipia wakili. Nitakutetea mimi mwenyewe."

"Kwani hamwezi kushusha bei, mkauza huo mkate wenu kwa theluthi?"

"Ikishakuwa bei, Tume itaipima," alisema Bwana Jongo. "Nyongeza ilikuwa haipimwi, ndiyo raha yake." Akatoa leso. Safari hii alilia machozi ya kweli. "Mama, wewe hujui hasara tuliyobeba. Kila mkate tumeutoa kwa kuumia. Tulivumilia tukijua ukifunga wewe tu, mtaa umekwisha, na mitaa mingine ilikuwa imekwisha zamani. Hapo ndipo tungeanza kurudisha chetu."

"Kurudishaje?"

"Kwa bei, mama. Mkate mmoja kwa bei ya minne, bila nyongeza. Watu wangelipa, wangekwenda kwa nani? Upendo una gharama zake." Alisema hivyo bila haya hata kidogo, kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali.

Hasira ilimpanda Bi Kidawa mpaka masikioni. Mtu alikuwa amekuja kumwambia yote, nia na mpango, ndani ya nyumba yake, juu ya gunia lake. Na hakukuwa na dirisha lolote la kuyapeleka. Tume ilikuwa imeuliza ukubwa, ikauliza gharama, ikaandika hata nia yake yeye ya kutaka tanuri lisipoe. Haikuwahi kumuuliza huyu bwana atauza bei gani akishabaki peke yake.

Kisha hasira ikapita, akaona kicheko kinakuja. Alijizuia, akajipangusa unga mikononi, akaweka uso wa mtu aliyetubu.

"Bwana Jongo, mimi nimekosa," alisema. "Nimehukumiwa kwa haki na nimeridhika. Siwezi kumkosea adabu Mheshimiwa Profesa kwa kukata rufaa. Mimi ni mtu hatari, wanangu, niacheni nitumikie adhabu yangu."

Walimsihi mpaka wakachoka. Walipofika mlangoni Bwana Jongo aligeuka, akafungua mdomo kwa mazoea.

"Usithubutu," alisema Bi Kidawa. "Ni marufuku."

Kampuni haikukaa sana. Ilitangaza kwenye magazeti kwamba taifa hili bado halijawa tayari kupendwa, ikahamishia mioyo yake kwenye mifuko ya saruji, bidhaa ambayo si chakula na kwa hiyo nyongeza yake ni halali. Profesa Mafundo alipewa nishani kwa kulinda ushindani. Waoka mikate wawili wa kule mwisho wa mtaa hawakurudi, mmoja alikuwa amekwisha kuzoea kuku na mwingine hakuna aliyejua alikokwenda, na hakuna ripoti iliyowataja tena.

Siku wingu la masika lilipotanda juu ya mji, Bi Kidawa alifungua dirisha alfajiri akamkuta Fundi Mbaruku amesimama katikati ya njia. Hakuwa na sare. Mkononi alishika sepetu badala ya rungu.

"Nimekuja kuomba moto," alisema. "Mvua inakuja. Nikiliwasha tanuri leo litapona, nikingoja kesho litapasuka."

Bi Kidawa alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akamshukuru Mungu kwamba bado giza halijatoka usoni mwa watu.

"Moto wa bure ni kosa, Mbaruku. Husomi kibao? Lipia."

Fundi Mbaruku alijipapasa mfukoni akatoa sarafu moja, akaiweka dirishani. Bi Kidawa aliivuta, akachota makaa tanurini, akayamwaga kwenye sepetu. Yalikuwa makaa mazuri, mekundu, ya kutosha.

Fundi Mbaruku hakuondoka. Aliyatazama yale makaa kwa huzuni, akatikisa kichwa.

"Haya ni makaa au ni mikate yako ya jana?" alisema, na sauti yake ndefu ikarudi mtaani. "Niongeze!"

Bi Kidawa alitoa kichwa dirishani, chini ya kibao chake, akatazama mkono wa kulia, akatazama mkono wa kushoto. Hakukuwa na king'ora. Akarudi ndani, akachagua kaa kubwa kuliko yote, akamwongeza.